Panya Walioshika Mwiko

Mtu akisikia kwamba nimestaafu baada ya maisha mazima ya kutunza panya, hunipa pole kwanza, halafu hucheka. Nimezoea. Hapa Mapera watoto wakiniona napita na ndoo ya kahawa mbivu huitana, "Mama Panya huyo!" na mimi huwaitikia, maana jina likishaganda halibanduki. Lakini nyie vijana mnaokwenda kusomea kazi za maabara, mliokuja kuniuliza kazi ikoje, msinipe pole na msicheke bado. Kaeni. Magoti yananiuma, nimechoka, na nitasema mambo kadiri yanavyonijia.

Kwanza mikono. Panya anaujua mkono kabla hajamjua mtu. Ukija na mkono wa baridi, na huku Mbinga kuanzia Juni mkono wowote asubuhi ni wa baridi, atakung'ata, na haki itakuwa yake. Nawa maji ya vuguvugu, jikaushe, usipake mafuta yenye manukato. Mshike kifuani, chini ya makwapa, kidole gumba kikae chini ya taya asigeuze kichwa. Usimning'inize kwa mkia kama mnavyoona kwenye picha. Mkia ukichubuka, kesho damu utaitoa wapi? Damu ya kupima sukari huchukuliwa nchani mwa mkia, tone moja tu, na penye baridi hata tone hilo halitoki mpaka uuchovye mkia kwenye maji ya moto kiasi cha kumwogeshea mtoto mchanga. Chuoni hawakunifundisha hayo. Alinifundisha Osmundi.

Osmundi alikuwa Mnyasa wa Liuli, kule ziwani, nami wa milimani, kwa hiyo tulitaniana tangu siku ya kwanza. Tulifanya kazi kwenye kituo kidogo cha utafiti wa dawa za asili, nje kidogo ya mji wa Mbinga. Yeye alilisha wanyama na kusafisha vizimba. Mimi nilikuwa fundi wa maabara, wa kunywesha dawa, kutoa damu na kupima. "Nyie wa milimani," alikuwa akiniambia, "mnaogopa maji hata ya kuoga." Nami namjibu, "Na nyie wa ziwani mnapanda muhogo kwenye mchanga halafu mnamlaumu Mungu." Basi siku inaanza.

Chakula cha panya alikichanganya mwenyewe: pumba za mahindi, soya iliyokaangwa, na dagaa wa kutoka Mbamba Bay waliotwangwa. Harufu ya dagaa wale ilikuwa ikinifuata mpaka kanisani. Jumapili watu wakibanana kwenye mabenchi, benchi langu halikukosa nafasi.

Siku moja panya alitutoroka. Tulimtafuta kutwa nzima, chini ya makabati, nyuma ya magunia, hayupo. Jioni mlinzi akavaa koti lake la baridi, akatia mkono mfukoni, akapiga ukelele uliosikika barabarani. Alipomtupa chini akainua buti amkanyage. Mimi na Osmundi tukapaza sauti kwa pamoja, "Usimkanyage, huyo ni wa kundi la pili!" Mlinzi yule hakutusamehe. Kila aliyekutana naye alimwambia kwamba pale kituoni panya wana cheo kuliko watu.

Na jirani yangu mmoja, baba wa heshima zake, aliwahi kuchungulia dirishani akawaona wanyama wetu walivyonona. Nyie mnajua huku kwetu panya wa shambani ni kitoweo. Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akaniuliza, "Mama, panya wanene namna hii mnawapima sukari tu?"

Zamani kupima sukari kulikuwa shughuli. Unakinga mkojo, unautia kwenye maji ya buluu, unachemsha, unangoja rangi. Ikibaki buluu, salama. Ikienda kijani, tahadhari. Ikifika rangi ya tofali, huyo sukari imempanda sana. Siku hizi mna kipima sukari cha kushika mkononi, tone moja la damu na jibu limetoka hata kabla hujapenga kamasi. Ni vizuri. Lakini kipimo cha haraka kina ubaya wake: kinakupa jibu, hakikuulizi umemfanyia nini mnyama kabla ya kumpima. Hapo ndipo sisi tulipoanguka.

Lazima niwaambie na jambo lingine ambalo watu wa mjini hulipamba. Ili upime dawa ya kisukari kwa panya, inabidi kwanza umpe kisukari. Unamchoma kemikali inayoharibu kongosho, kile kiungo kinachotengeneza insulini. Baada ya siku chache anaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka kuchoma mkaa, na anakojoa mpaka maranda ya mbao unayomtandikia yanalowa chapachapa. Ukiona maranda hayo asubuhi, umeshajua kabla hujashika kipimo. Sikulizoea hilo hata siku moja. Unamchukua mnyama mzima, mwenye macho mang'avu, unampa ugonjwa wa dada yako.

Maana dada yangu Edita alikuwa nao. Ni mkubwa wangu kwa kuzaliwa, na ugonjwa ulimpata angali msichana, ule wa kongosho kuacha kazi kabisa, usiotaka vidonge, unaotaka sindano za insulini kila siku za maisha. Mumewe alikuwa amefariki, watoto wako Songea na kwingineko, naye akabaki hapa Mapera na kahawa yake na mashimo yake ya ngoro, ya kulimia, kule mteremkoni. Insulini aliihifadhi kwenye chungu kilichozikwa katika mchanga uliolowanishwa, kwa kuwa jokofu hakuwa nalo. Akienda shamba anaiwaza. Akienda msibani anaiwaza. Tumbo lake lilikuwa na sehemu ngumu kama kigaga kwa sababu ya kuchomwa miaka yote ile.

"Tekla," aliniambia siku moja, "sijachoka kuumwa. Nimechoka kujichoma."  Maneno yale nayakumbuka mpaka leo.

Sasa ndipo alipokuja Mzee Barnaba. Alikuwa mganga wa Liuli, mwenye majani ya mti mmoja unaoota kwenye miamba karibu na ziwa, na watu wa sukari walikwenda kwake kutoka kila upande. Si mganga wa kupiga ramli. Alikuwa mtu wa sala, msafi, asiyepandisha sauti. Daktari Agnela, mkuu wetu wa kituo, mama mpole aliyependa mizani kuliko maneno, alimfuata mpaka kwake akamwomba majani ayapime. Mzee alikubali kwa sharti moja.

"Dawa yangu ina mwiko," alisema siku alipoyaleta majani kituoni. "Anayeinywa hali kitu chochote mpaka jua lipite utosini. Na akila, ale mboga na samaki, ugali kidogo. Dawa ya mwiko ukimpa mtu aliyeshiba, inamgeukia."

Daktari akaandika. Akamshukuru. Alidhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba mzee anaeleza desturi zake kwa wagonjwa wake, nasi tunapima majani. Osmundi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya pumba. Mama yake mzazi alikuwa amewahi kutibiwa na Mzee Barnaba. Yeye alisikia agizo.

Tukaanza. Kundi moja la panya wenye sukari, ya wastani, si ile ya kuharibiwa kongosho lote, tukalinywesha maji ya majani. Kundi la pili likanyweshwa maji matupu. Kunywesha nako kuna ufundi wake: unatumia sindano butu yenye kichwa cha mviringo, unaipitisha pembeni mwa mdomo, unaiacha imezwe. Usisukume. Ukikuta ukinzani, toa, ngoja, anza tena. Ukisukuma utaingia kwenye mapafu, na huyo umemwua kwa haraka yako.

Nilikuwa nikinywesha asubuhi, na kupima kabla ya chakula cha mchana. Na sukari ikaanza kushuka. Ikashuka kwa kundi la majani peke yao, wiki hadi wiki, ikashuka mpaka mimi mwenyewe nikabadilisha kipimo nikidhani kimeharibika. Sijawahi kuona kazi yangu ikinipa furaha ya namna ile. Nilikuwa nikifunga mlango wa chumba cha wanyama nakaa juu ya gunia, najiambia, Edita, mama, subiri.

Sikumwambia neno. Nilijua kwamba jambo la maabara halitolewi nje kabla halijaiva. Lakini Daktari aliwaalika wazee wa Liuli na viongozi wa wilaya waje waone kazi, maana ni majani yao, na ilikuwa haki. Aliwaambia kwa uangalifu kwamba matokeo ya mwanzo yanatia moyo na kazi bado inaendelea. Ndivyo alivyosema. Lakini maneno ya namna hiyo hayawezi kusafiri. Yaliposhuka Mbamba Bay yalikuwa yamekuwa "dawa imethibitishwa", na yalipopanda huku Mapera yalikuwa yamefupika: "Panya wamepona."

Mambo hayo yalisemwa kwenye jumuiya ndogo baada ya rozari. Yalisemwa mnadani. Na Edita aliyasikia kwa watu, si kwangu, akahesabu kwamba ninaficha kwa sababu ya masharti ya kazi. Alimtuma mtu Liuli akamletea dumu la dawa. Akaacha sindano.

Mimi nilifika Jumamosi kumsaidia kuchuma kahawa. Nikabisha hodi, hakuitika. Nikamkuta kitandani, anahema kwa nguvu kama aliyetoka kupanda mlima, midomo imekauka, na pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyoanza kuvunda. Harufu hiyo naijua. Ukiisikia kwa mtu wa sukari, usimpe uji, usimpe maombi kwanza, mpeleke hospitali. Vijana wa jirani walimbeba kwenye pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma, yeye katikati amefungwa kanga wasimwangushe.

Wauguzi walimrudishia uhai. Nilikaa pembeni mwa kitanda nikiwa na hasira naye, na hasira na mdomo wa dunia nzima. Alipofumbua macho akaniona, neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Kosa ni langu. Nilivunja mwiko. Nilionja togwa msibani asubuhi."

"Dada, kosa ni kuacha sindano."

"Mbona panya wako hawakuchomwa sindano na wamepona?"

"Nani kasema wamepona?"

"Basi niambie wewe. Hawajapona?"

Ningesema nini? Vipimo nilivipima kwa mkono wangu. Nikamwambia kazi haijaisha. Akafumba macho, akasema, "Sawa. Nitajichoma mpaka hiyo kazi yako iishe. Lakini panya wako wakiishi kwa majani, Tekla, mimi naacha sindano na mwiko nitaushika hata kama naanguka kwa njaa. Usije ukanizuia." Nikakubali. Ndiyo ikawa ahadi yetu, na toka siku hiyo kila nilipofungua kizimba nilikuwa nafungua na maisha ya dada yangu.

Niliporudi kituoni nilimkuta Daktari Agnela ameinama juu ya mizani. Alikuwa anapima uzito panya mmoja mmoja, kundi la majani, halafu kundi la maji, halafu anarudia.

"Tekla," aliniuliza, "panya aliyepona hukonda?"

"Anapaswa kunenepa, Daktari."

"Hawa wa majani wanakonda. Sukari inashuka, na uzito unashuka nyuma yake. Kesho nitashinda humu ndani."

Kesho yake akaja na kiti chake, akakaa kwenye kona ya chumba cha wanyama. Osmundi akaingia kama kawaida, akatusalimia, akaenda moja kwa moja kwenye vizimba vya kundi la majani, akaanza kuondoa visahani vya chakula. Alifanya hivyo bila kujificha, akiimba kidogo wimbo wa kwao.

"Kaka Osmundi," Daktari akasema taratibu, "visahani hivyo vinakwenda wapi?"

"Naviweka kando, Daktari. Nitavirudisha jua likipita utosini."

"Na vya kundi la pili?"

Osmundi akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Hao hawanywi dawa, Daktari. Mwiko ni wa anayekunywa dawa. Hawa nikiwaacha wakashiba itawageukia. Mzee si alisema mbele yetu sote?"

 Miezi yote ile kundi moja lilikuwa linafunga mpaka baada ya adhuhuri na lingine linakula asubuhi, halafu mimi napita kabla ya mchana na kipimo changu, napima wenye njaa na wenye shibe, nafurahia tofauti! Vizimba bila visahani nilikuwa nikiviona. Nilidhani wamemaliza chakula na visahani vimetolewa kuoshwa.

Daktari hakufoka. Alicheka kicheko kifupi cha uchovu, akajifuta macho. "Sote tulimsikia mzee," akasema. "Ni wewe peke yako uliyemtii." Osmundi alipoelezwa aliumia sana, akataka kuacha kazi. Alisema tumemwambia atunze wagonjwa, naye akawatunza. Ilibidi nimfuate mpaka alikopanga nikamtanie na kumbembeleza: "Umewafungisha panya Kwaresima kabla haijafika, baba, rudi utuletee Pasaka." Akarudi. Watu wa ziwani hawanuni sana.

Vijana, sikilizeni hapa, ndiyo sababu nawasimulia. Msije mkaona mtu aliyeshika mwiko mkamcheka kwamba hajui sayansi. Wala msidhani kwamba tungemficha Osmundi lile agizo mambo yangekuwa sawa. Wagonjwa wa Liuli hawakuwa wanakunywa majani tu. Walikuwa wanakunywa majani na kushinda njaa. Sisi tulikuwa tumekata dawa ya mzee nusu bila kujua, na nusu ile nyingine Osmundi akairudisha bila kutuambia. Daktari alipoona hivyo, aliomba kibali kwenye kamati ya maadili, akaanza upya. Safari hii mwiko nao ukawa kitu cha kupimwa.

Kundi moja likapata majani na mwiko. Moja majani bila mwiko. Moja mwiko bila majani. Moja halikupata chochote. Na pembeni kukawa na kundi dogo ambalo nilipoliona kwenye mpango sikuuliza kwa ajili ya nani, kwa kuwa Daktari alikuwa anajua habari za dada yangu. Hao kongosho lao liliharibiwa kabisa. Tuliwaweka hai kwa insulini. Kisha, baadhi yao, insulini ikaondolewa, wakapewa majani na mwiko. Osmundi mwenyewe alisimamia mwiko wao, kwa saa ya ukutani sasa, na hakuna panya aliyeonja pumba kabla ya wakati.

Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama wakati ule, na sijawahi kuichukia kama wakati ule. Makundi ya sukari ya wastani yalitupa jibu lililo wazi: waliofunga sukari yao ilishuka, wakiwa na majani au wasiwe nayo. Waliokunywa majani na kushiba, ilishuka kidogo sana, kiasi ambacho Daktari hakutaka kukisemea lolote.

Lile kundi dogo halikungoja hesabu. Waliobaki na insulini waliishi. Walioachishwa, maranda yalilowa, wakajikunyata, wakaacha kusafisha manyoya. Nilipofungua vizimba nikasikia ile harufu ya matunda. Niliwatoa mmoja baada ya mwingine, wa baridi. Nililia mbele ya Osmundi na hakunitania.

Tulishuka Liuli, Daktari na mimi, kumpa Mzee Barnaba majibu, maana mwenye dawa ndiye wa kwanza kuambiwa. Barabara ya kushuka ziwani ilinichosha mifupa. Tulimkuta anaanika majani kwenye mkeka, karibu na nyavu za mwanawe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Naona nyuso zenu hazikubeba zawadi."

Daktari akamweleza yote, bila kuficha na bila kumdharau. Mzee alisikiliza huku anageuza majani. Alipomaliza akauliza, "Kwa hiyo majani yangu ni ya bure?"

"Si ya bure, Mzee. Ni kidogo. Mwiko wako ndio mkubwa."

"Mwiko!" Akaacha kugeuza majani. "Mama, nikimwambia mtu nenda kashinde njaa, ataniona nimemtukana. Nikimpa majani na mwiko, anaushika mwiko kwa kuogopa majani. Sasa mkishatangaza hivyo, nani atakuja kwangu?"

 Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Ndipo mimi nikamweleza habari za Edita, kwamba aliacha sindano kwa ajili ya dumu lake, na hali niliyomkuta nayo. Mzee Barnaba akainuka.

"Sikuambiwa kwamba ni mtu wa sindano," alisema. "Aliyetumwa alisema mgonjwa wa sukari. Basi." Akakunja mkeka na majani yakiwa bado mabichi ndani yake. "Msalimie dada yako. Mwambie mtu wa sindano simpi dawa tena. Akija namrudisha, hata akilia." Na alilishika neno hilo mpaka kifo chake. Nilizisikia habari hizo kwa Osmundi, aliyekwenda kumzika.

Toka Liuli sikupita kituoni. Nilikuja moja kwa moja hapa Mapera, maana nilijua nikilala nitapoteza ujasiri. Nilimkuta Edita uani anachambua kahawa, ungo mapajani, punje mbovu anazitupia kuku ambao hawazitaki.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kazi imeisha?"

"Imeisha."

"Sema basi, usinisimamie."

Nikakaa kwenye kigoda. "Wale wenye sukari ya wastani walipata nafuu, lakini ni kwa ule mwiko. Wale wa ugonjwa wa namna yako..." Nikashindwa. Nilimwonea huruma mpaka nikawa siwezi kumtazama.

"Hakuna aliyeishi?"

"Walioachishwa sindano, hakuna."

"Na mwiko waliushika?"

"Waliushika kuliko mtu yeyote."

Akaendelea kuchambua. Mikono yake haikusita, ila alikuwa anatupa punje nzima pamoja na mbovu. Nikangoja alie, au anitukane, au aseme ataacha tu liwalo na liwe. Nilikuwa nimekuja tayari kwa hayo yote, isipokuwa kwa swali aliloliuliza.

"Na hao waliobaki? Waliopata nafuu, na waliochomwa sindano wakaishi. Mmewapeleka wapi?"

"Hatuwapeleki popote, dada. Utafiti ukiisha tunawaua."

"Wote?"

"Wote. Ndivyo kazi ilivyo. Wakishatoa jibu, kazi yao imekwisha."

Akanyanyua uso akanitazama, kwanza kama hajanisikia. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka ungo ukamtetemeka mapajani na kahawa ikamwagika, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwake tangu mumewe azikwe.

"Mungu wangu, Tekla. Na mimi nilikuwa nawaonea wivu!" Akajifuta machozi kwa pindo la kanga. "Haya. Ingia ndani uniletee sindano. Mimi kazi yangu haijaisha, hii kahawa yote nani ataichambua?"

Nikaileta. Akapandisha blauzi, akageuza uso upande wa shamba.

"Choma," akasema. "Halafu ushike ungo tusaidiane."